Uongo Niliowaambia Nyuki wa Bibi

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana mkiusikia kwa Sefu atautia chumvi, na kazi ya kutia chumvi katika familia yetu ni yangu. Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, nikiwa na miaka kumi na tano na akili ya mtoto wa mitano, niliruka ukuta wa nyuma ya nyumba yetu hapa Sparkbrook, ugenini kwa Waingereza, nikaingia uwani kwa jirani. Nilikuwa na ufunguo wa mlango wetu mkononi. Nikagonga mzinga wake wa nyuki mara tatu, nikainama, nikawatangazia nyuki kwa Kiingereza safi, kwa sauti ya mtu anayetoa habari ya msiba msikitini: "Bibi yenu amefariki."

Bibi yao hakuwa amefariki. Alikuwa amekwenda Ladypool Road kununua viazi.

Sefu, mtoto wa shangazi yangu, alikuwa amepanda ukutani kuangalia sinema. Alicheka mpaka akaangukia upande wetu, ndani ya beseni la nguo. Na mimi nikainua mikono kama mchezaji aliyefunga bao, nikarudi nyumbani kula.

Ili mjue ujinga huo ulikuwa na ukubwa gani, lazima kwanza mumjue mwenye nyuki.

Jina lake silitaji. Mtaani hakuna aliyelitumia. Wote tulimwita Bibi wa Nyuki. Alikuwa Mwingereza mrefu, mkavu, amepita miaka themanini, anatembea kichwa mbele kama mtu anayewahi kwenda kugombana. Uwani kwake, pale ambapo watu wengine wana banda la makaa na baiskeli mbovu, alikuwa na mizinga miwili iliyopakwa rangi nyeupe. Watu walishangaa nyuki wanakula nini katika mji wa moshi kama huu. Yeye alisema hawana shida, wanapajua bustanini, wanaujua ukingo wa reli ulivyojaa maua, na wana akili kuliko madiwani. Akifungua mzinga alivaa kofia ya marehemu mumewe yenye wavu, lakini mikono aliiacha wazi. Nyuki walimuuma naye hata hakutikisika. "Wanajikumbusha tu," alisema.

Mwaka wa kwanza tulipohamia hapa hakutusemesha. Alikuwa akifunga dirisha akituona. Nisimpambe: siku moja nilimsikia akimwambia muuza maziwa kwamba mtaa umeharibika tangu "hawa" waje, na "hawa" tulikuwa sisi, tena nikiwa nimesimama pale pale nasubiri chupa zangu. Na vita vyenyewe vilianzishwa na nyuki. Baba anafanya kazi kiwanda cha vyuma kule Aston, na kila Alhamisi Mama hufua kanzu yake ya Ijumaa na kuianika uwani. Basi baridi ilipopungua, nyuki waliotoka kujisaidia baada ya miezi ya kufungiwa walijisaidia juu ya kanzu ya Baba. Madoadoa ya manjano kutoka shingoni mpaka miguuni.

Mama hajui Kiingereza zaidi ya "hau machi" ya kuuliza bei dukani. Alinishika mkono, akaniburuta mpaka ukutani, ukuta wenyewe wa kifuani tu, akainua kanzu juu kama bendera. "Mwambie! Mwambie hii ni nguo ya kuswalia!"

Nikamwambia. Bibi wa Nyuki akaitazama kanzu, akamtazama Mama, akasema kwamba naye ana malalamiko, kwamba harufu ya samaki wetu wa kukaanga inaingia chumbani kwake mpaka anaiota.

"Kasemaje?" Mama akauliza.

Sasa hapo ndipo mimi huponzwa na ulimi. "Anasema samaki wako wananukia, anawaota."

Mama akaishusha kanzu. Hasira yote ikamshuka. "Maskini," akasema, "mtu mzima anakaa peke yake anaota samaki." Na baada ya nusu saa nilikuwa mlangoni kwa Bibi wa Nyuki na sahani ya samaki, ndimu na pilipili pembeni, nikiomba dua asinimwagie usoni. Aliichukua bila neno, akafunga mlango. Kesho yake sahani ilikuwa juu ya ukuta, imeoshwa, na ndani yake chupa ya asali.

Tangu hapo wakawa marafiki, na mpaka leo sijui kama ninastahili thawabu au bakora.

Urafiki wao ulikuwa hivi. Mchana, kazi zikiisha, Bibi wa Nyuki alikalia ndoo aliyoigeuza juu chini, Mama akakalia kiti chake cha kufulia, ukuta katikati, na mimi juu ya ukuta kama jogoo, natafsiri. Nilikuwa mkalimani mbaya. Bibi akisema mvua inakuja, mimi nilisema anauliza kwa nini Baba amenenepa. Mama akisema Mungu amzidishie asali, mimi nilisema tunamkaribisha kwenye harusi ya Sefu, na Sefu alikuwa na miaka kumi na mitatu. Walinijua. Mama alikuwa akimtazama bibi usoni kwanza, ndipo ananitazama mimi, kisha anasema, "Haya, sasa niambie alichosema kweli."

Kwa njia hiyo tulikijua kijiji chake, alikokulia zamani za yule malkia mzee wa Waingereza aliyevaa nguo nyeusi siku zote. Kijiji cha nyumba thelathini, kisima kimoja, kanisa moja, na bwana mmoja mwenye kila kitu, pamoja na paa zilizowafunika. Alisimulia kwa ukali, kama anayetoa ushahidi. Kabla ya kupanda, watoto walitolewa shule kwenda kuokota mawe shambani kwa bwana, ndoo kwa ndoo, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Jumapili baba yao alikula yai, na watoto watano walipeana zamu ya kula kile kijikofia cha juu cha yai la kuchemsha kinachokatwa kwa kijiko. Zamu yake ilikuja kila wiki ya tano. "Nikilala nilikuwa nahesabu Jumapili," alisema. Nilimtania kwamba sisi hugombania ukoko wa wali kila siku, hatuna ustaarabu wa kupanga zamu. Akasema, "Ndiyo maana una makovu."

Siku ya mavuno mwanamke yeyote hakuruhusiwa kuingia shambani kuokota masuke yaliyobaki mpaka kengele ya kanisa igongwe. Walisimama langoni mwa shamba na watoto wao, mikono kiunoni, na ikigongwa walikimbia kama wezi. Masuke hayo ndiyo yalikuwa mkate wao wa baridi nzima.

"Mwulize," Mama akasema, "na mwenye shamba alikuwa wapi?"

"Juu ya farasi, anatutazama."

Nikatafsiri, safari hii bila utani. Mama akasonya. "Kumbe! Pemba tulikuwa tunaokota karafuu zilizodondoka chini ya miti, na mwenye shamba yupo, anatazama mikono yetu." Bibi aliposikia hivyo alisogeza ndoo yake karibu zaidi na ukuta.

Hakuwa mtu wa kunyooka, lakini. Alisimulia jinsi alivyosahau kupiga goti gari la farasi la mke wa bwana lilipopita, na kesho yake mwalimu akamchapa vidole mbele ya shule nzima. "Tangu siku ile sikumpigia mtu goti," alisema, kidevu juu. Nami nilimwona kwa macho yangu: mtu yeyote mwenye tai akija, daktari au karani wa kaunsili ya mji, mikono yake ilijifuta yenyewe kwenye aproni, akabaki amesimama nyumbani mwake huku mgeni amekaa. Alisema televisheni ni upuuzi wa watu wavivu, na Jumamosi saa kumi alasiri alikuwa mbele ya mieleka akipiga kelele, "Mvunje huyo mkono!" Alikwenda kanisani kila Jumapili na hakumwogopa padri hata kidogo. Aliwaogopa nyuki. Siyo miiba yao. Aliogopa kuwakosea adabu.

Hapo sasa.

Kwao, alisema, nyuki ni watu wa nyumba. Mtoto akizaliwa wanaambiwa. Mtu akioa wanaambiwa na wanapewa kipande cha keki. Na mwenye nyumba akifa, lazima mtu atoke na ufunguo wa mlango, agonge mizinga mmoja mmoja, awaambie nani amekufa na nani atawachunga sasa. Wasipoambiwa wanakufa au wanahama. Nilipocheka aliniangalia mpaka nikaacha.

Mama alikuwa ameingia ndani kutazama chungu. Bibi akashusha sauti. Alikuwa na miaka saba baba yake alipokanyagwa na gari la majani makavu. Mama yake, nguo zake bado zina damu, akampa ufunguo yeye, mdogo wa wote, akamwambia nenda kawaambie nyuki. Akaenda. Lakini alipoifikia mizinga aliogopa kulisema lile neno, kwamba baba amekufa. Akajificha nyuma ya banda la nguruwe, akahesabu mpaka mia, akarudi akasema tayari. Baridi ile nyuki wote wakafa. Majira yaliyofuata bwana akaitaka nyumba yake, maana nyumba ilikuwa ya mfanyakazi na mfanyakazi hayupo. Wakatawanywa, huyu kwa shangazi, huyu kwenda utumishi, na mama yao akaishia nyumba ya maskini.

"Nyumba mngefukuzwa tu, Bibi," nilimwambia. "Hata nyuki wangekuwepo."

"Najua," akasema. "Hilo usimtafsirie mama yako."

Sikumtafsiria. Lakini wiki mbili baadaye nilikuwa nimemsimulia Sefu, na Sefu akasema hawezi kuamini Mzungu akizungumza na wadudu, na mimi nikasema subiri nikuonyeshe.

Siku ya kumi baada ya mchezo wangu, shule zimefungwa wiki ile, tukiwa tunakula mchana, tulisikia ngurumo kama lori limesimama uwani. Tukatoka. Nyuki walikuwa wakimiminika kutoka mzinga ule niliougonga, wanapanda juu weusi, anga yote inazunguka. Bibi wa Nyuki alitoka na kikaango na kijiko, akawa anakigonga kwa nguvu, kwao ndivyo wanavyowaita watue. Mama hakuuliza. Alichukua sufuria na mwiko naye akagonga. Wakapita uchochoroni wote wawili, mmoja ana miaka themanini na kitu, mwingine kanga inamvuka, wanapiga vyombo kama kuna kupatwa kwa mwezi. Bumba la nyuki likatua kidogo kwenye bomba la moshi la mtu, likanyanyuka, likapita juu ya mapaa kuelekea Digbeth. Basi.

Nilijua nyuki huhama mwezi wa Mei. Nilikwenda maktaba nikasoma. Lakini wakigawanyika, nusu hubaki na mzinga wao. Hawa hawakubaki hata mmoja. Bibi alifunua kifuniko, akatazama ndani kwa muda mrefu.

"Wameambiwa," alisema.

"Wameambiwa nini?"

"Habari yangu." Akakirudisha kifuniko taratibu. "Safari hii kuna aliyewaambia mapema."

Ningesema pale pale. Neno lilikuwa mdomoni, kabisa. Mama alikuwa pembeni na sufuria yake, Sefu mlangoni macho yamemtoka. Nikasema, "Pole, Bibi." Mimi, ninayejibu walimu kabla hawajamaliza swali!

Tangu siku hiyo alianza kujiandaa kufa, kwa utulivu, kama mtu anayepanga begi. Hakupanda maharage yake. Alimpa Mama chupa zote tupu. Mieleka ikapita bila yeye kuwasha. Mama akinituma na bakuli la uji, bibi alionja kijiko kimoja.

"Anasema ameshiba," nilimwambia Mama.

"Wewe mtoto, leo usinitanie."

"Wallahi ndivyo alivyosema."

Mama akalipokea bakuli, akalishika kwa mikono miwili, likiwa limejaa vile vile.

Sefu ndiye aliyenisakama. Tulikuwa tunarudi shule.

"Kamwambie."

"Mtu hafi kwa maneno, Sefu."

"Basi kama maneno hayana kitu, si umwambie?"

"Mama ataniua."

"Ataua mmoja. Wewe unaua mwingine."

Mtoto wa miaka kumi na mitatu. Nilitaka kumpiga, lakini nilikosa mahali pa kuanzia.

Nilikaa kimya wiki tatu. Nataka mlielewe hilo, maana mtu atasema ni mzaha wa dakika moja. Mzaha ulikuwa wa dakika moja. Wiki tatu hazikuwa mzaha. Kila asubuhi nilisema leo, na kila jioni nilisema kesho, na katikati niliwachekesha watu darasani kuliko siku zote.

Siku ya Alhamisi nikakuta gari mbele ya nyumba yake. Lilikuwa la mpwa wake, bwana mwenye kofia ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimshawishi aende nyumba ya wazee upande wa pili wa mji, na kila mara bibi alimtimua. Sasa alitoka anatabasamu, bahasha kwapani. Aliniambia mwenyewe: bibi amesaini. Nyumba, ya kupanga, ameirudisha kwa mwenye nyumba, Jumatatu anachukuliwa. Alimwambia mpwa wake hataki kufa jikoni akakutwa na muuza maziwa.

Niliruka ukuta na begi langu la shule mgongoni. Alikuwa amesimama karibu na mzinga uliobaki.

"Bibi, ni mimi," nikasema. "Niliwaambia mimi. Nilichukua ufunguo, nikagonga, nikasema umekufa. Nilikuwa nafanya mchezo."

Alinitazama. Nilisubiri kofi, nilisubiri matusi, hata kicheko. Akauliza, "Lini?"

Nikamtajia siku.

"Uliwaambia atakayewachunga ni nani?"

"Hapana, Bibi."

"Uliwaambia nimekufa, ukawaacha hivyo hivyo."

"Ndiyo, Bibi."

Akakaa juu ya ndoo yake. Aliibana mikono katikati ya magoti. "Nimekula kijiko kimoja kimoja kwa wiki tatu," akasema, si kwangu hasa. "Nimemsainia yule mjinga nyumba yangu." Kisha, kwa ukali ule wake wa zamani: "Ungesema jana! Jana tu, kijana, kalamu ilikuwa bado mezani."

Nikasema tumwendee mpwa, tumwendee mwenye nyumba, mimi nitasema kila kitu, nitapiga magoti. Akasema nyumba imeshapata mpangaji, watu wenye mtoto mchanga, na yeye hatamnyima mtoto nyumba kwa ajili ya upumbavu wa wawili.

"Upumbavu wa wawili?"

"Wako wa kusema. Wangu wa kusadiki." Akatoa ufunguo wake kwenye aproni, akanipa. "Haya. Gonga. Waambie kweli."

Mama alikuwa ametoka kuanua nguo. Alisimama ukutani, kikapu kiunoni, akitutazama. Nikagonga mara tatu. Nikawaambia nyuki kwamba nilisema uongo, kwamba bibi yao yu hai. Bibi akasema endelea. Nikawaambia anaondoka Jumatatu. Endelea. Nikamtazama.

"Waambie sasa ni wa mama yako," akasema. "Kwa jina lake. Wanapenda jina."

Nikalitaja jina la mama yangu mbele ya mzinga. Bibi akainuka, akauchukua ule ufunguo, akaingia ndani. Hakuniaga. Jumatatu alipoondoka nilikuwa shule, na nilishukuru kuwa shule, na hilo nalo naliandika.

Lakini Alhamisi ile ilikuwa haijaisha. Mama alikuwa bado ukutani. "Nimesikia jina langu," akasema. "Nieleze."

Nikamweleza. Kwa mara ya kwanza nilimtafsiria maneno yote ya bibi yule, neno kwa neno, kuanzia ufunguo wa kwanza mpaka kalamu iliyokuwa mezani. Nilipomaliza, Mama aliweka kikapu chini, akakunja kanzu ya Baba, akakunja shati langu, akakunja soksi. Mimi nikasogea mwenyewe mpaka pale mkono wake unapofika, nikafumba macho.

"Fumbua," akasema. "Sikupigi. Nikikupiga utaona yamekwisha."